Samaki Aliyepanda Milimani

Asubuhi za Boito huanza bila milima. Ukungu hulala juu ya majani ya chai mpaka jua lipate nguvu, na mtu akikujia unamsikia kwanza: viatu vya mpira kwenye nyasi, kikohozi, halafu ndipo uso. Ogola nilimjua hivyo kwa miaka mingi, kikohozi kwanza kisha uso. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kule juu, kwenye vitanda virefu vya wavu ambapo majani mabichi hulazwa yapigwe hewa na kunyauka kabla ya kusagwa. Aliyageuza kwa mikono, polepole, kutoka upande huu mpaka ule. Mimi nilikuwa chini kwenye boila nikitia kuni. Wakati wa mapumziko alishuka kunywa chai karibu na moto wangu. Hatukuongea sana. Mimi sina maneno mengi na yeye alikuwa na machache, kwa hiyo tulipatana. Harufu ya majani yanayonyauka ilishuka naye imemshika nguo, harufu tamu kama ya matunda yaliyosahauliwa sandukuni, na pamoja na joto la moto ilitufanya tukae kama watu wanaoota macho wazi.

"Kimutai, unajua kwa nini nilikuja huku kwenu?" aliniuliza mara moja.

"Kazi."

"Kazi iko Kisumu pia. Mimi nilifuata ukungu. Huku mtu akivuta hewa anapata hewa tu."

Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye sana, lakini nitasema sasa ili anayesoma asipotee kama nilivyopotea mimi. Ogola alizaliwa kando ya ziwa, na samaki walimkataa.

Alipokuwa mdogo, kipande kimoja cha ngege kilitosha kumvimbisha midomo, macho yakafumba na kifua kikapiga filimbi. Bibi yake alisema wafu wa ukoo hawamtaki. Wengine walisema ni chira, ile laana inayoingia nyumba iliyovunja mwiko. Kondoo akachinjwa, dawa chungu ikachemshwa, kisha akapewa samaki tena kuona kama laana imetoka. Haikuwa imetoka. Basi akakulia mahali ambapo kila jiko lilinuka samaki, yeye akila ugali kwa mboga, ameketi upande upepo unakotoka, watoto wenzake wakimtupia magamba. Alipopata nguvu za kijana alipanda huku juu. Na huku hakumwambia mtu, kwa sababu mtu wa ziwani anayeshindwa na samaki ni kama mtu wa kwetu, Mkipsigis, anayekimbia ng'ombe.

Pale laini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni, wenzake waliporudi na samaki kutoka soko la Sondu wakamwita, alishika tumbo. "Vidonda," alisema. "Daktari amenikataza." Akachukua kikombe chake, akavuka kijito kwenda kwa dada yangu.

Dada yangu Rodah, ambaye wengi humwita Mama Winny, ni mjane. Boma lake liko ng'ambo ya kijito kinachotenganisha shamba la kampuni na mashamba yetu madogo. Siku hizo aliuza maziwa kule laini, mabichi na mursik, yale maziwa yetu yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mursik yake ilikuwa na rangi ya wingu la mvua. Ogola aliipenda kuliko sisi wenyewe.

"Huyu si Mjaluo tena," alikuwa akisema Oyugi, dereva wa trekta la majani, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kusaidia. "Akifa tutamzika zizini, ng'ombe watoe hotuba."

"Watasema ukweli kukushinda wewe," Ogola alimjibu.

Dada yangu alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumpa mtu kibuyu, alimimina maziwa kidogo kwenye kifuniko, akayanywa mwenyewe mgeni akimwona. Mama yetu alifanya hivyo, na mama yake pia. Zamani ilikuwa adabu tu. Lakini baada ya mwaka ule wa 1992, nyumba zilipochomwa kwa vita vya makabila na majirani wakaogopana, Rodah aliionja mursik polepole, akameza, akafuta mdomo, ndipo akatoa. Wako watu wa laini waliokuwa wameacha kabisa kula kitu cha ng'ambo. Wako wa kwetu waliokuwa wameacha kusalimu. Kati ya pande mbili hizo, maziwa ya Rodah yalikuwa kitu cha mwisho kilichokuwa bado kinavuka kijito kila siku.

Mwaka wa 1994 malaria ilipanda milimani ikatukuta sisi watu wa baridi bila mazoea. Ogola naye ikamlaza. Bosire, mhudumu wa dispensari ambaye sote tulimwita daktari, alimpa vile vidonge vichungu ambavyo huacha mtu akijikuna mwili mzima. Homa ilitoka lakini nguvu hazikurudi. Bosire akamwambia alete chupa.

Siku hizo dawa ya maji haikutoka na chupa yake. Ilikuja kwenye dumu kubwa, nawe ulileta chupa yako, ya soda au ya mafuta ya kupikia, umeiosha kwa mchanga. Bosire alimimina, akakuambia vijiko vingapi, ukaenda zako. Maandishi yalibaki kwenye dumu, wewe ulibeba rangi na ladha. Ogola alileta chupa ya soda, akaiziba kwa gunzi la mahindi. Dawa ya nguvu ilikuwa nzito, rangi ya maziwa yaliyokorogewa kiini cha yai, na ilinukia machungwa.

"Tamu kama peremende," Bosire alimwambia. "Watoto wanaililia. Lakini usinywe tumbo likiwa tupu, Mzee Ogola. Kula kwanza."

Kula kwake kukawa maziwa ya Rodah. Kila asubuhi ukungu ulipoanza kupasuka alivuka kijito, akaketi kwenye benchi penye ukuta unaopata jua, akanywa mursik, kisha kijiko cha dawa, kisha akasinzia palepale. Nilipotoka zamu nilimkuta, jua kwenye magoti, paka wa dada yangu amejikunja miguuni pake, nyuki wakipita kati ya mizinga na maua ya viazi. Mahali pote palikuwa kimya kama picha.

"Kimutai," alisema siku moja bila kufumbua macho, "ziwa linanijia."

"Linakujia vipi?"

"Nikisinzia hapa naliona. Maji meupe hayana ng'ambo. Mimi mdogo, mama ananiita, halafu upepo unageuka. Nikiamka bado nalisikia kooni."

"Ni nyumbani wanakuita."

"Wakiniita waniite kwa jina. Mbona wananiwasha midomo?" Alijikuna, akacheka kidogo. "Hizi dawa zenu za malaria."

Sote tulijua vile vidonge huwasha. Hakuna aliyefikiria zaidi. Kesho yake aliota tena, na midomo ikawasha zaidi, na mimi nikaona ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Kilichomponza ni haraka ya kurudi kazini. Aliona kijiko kinamchelewesha. Asubuhi moja alipomaliza nusu ya mursik alitoa lile gunzi, akainua chupa, akameza mafunda. Nilikuwa nikishuka njia ya kijito niliposikia dada yangu akipiga kelele jina langu. Nilimkuta Ogola chini mlangoni, maziwa yamemwagikia kifua, midomo imevimba, macho yamefumba. Kifuani mwake filimbi ililia, nyembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Tulimbeba kuvuka maji. Oyugi alikuwa akipita barabara ya shamba na trekta lake, na hakuuliza swali. Tulimlaza juu ya majani mabichi kwenye trela, na mpaka leo nikifumba macho namwona vile, mtu mrefu amelala juu ya kijani kibichi, ukungu ukipita juu yake, kama mtu anayesafirishwa kwenda mahali ambapo sisi hatukualikwa. Bosire alimchoma sindano. Baada ya muda ile filimbi ikashuka, kidogo kidogo, kama birika lililoondolewa motoni.

Oyugi akamgeukia dada yangu. Aliangalia lile shati lenye maziwa.

"Amekunywa nini huyu?"

"Maziwa," Rodah akasema, kwa sababu ndivyo alivyoona.

"Ya nani?"

"Yangu."

Oyugi akarudi kwenye usukani. Neno lilifika laini kabla ya trekta.

Jioni hiyo hakuna kikombe kilichotolewa kwa dada yangu. Asubuhi yake alizunguka nyumba zote na debe likiwa zito vilevile, milango ikifungwa mbele yake kwa upole, jambo ambalo lilimuuma kuliko matusi. Mama mmoja aliyenunua kwake tangu mtoto wake azaliwe alimwaga yaliyobaki njiani Rodah akiangalia. Kwenye boila hakuna aliyeshuka kunywa chai nami. Upande wetu nao vijana walianza kukaa pale darajani wakisema, "Wamguse Mama Winny tuone." Nilijua neno kama hilo linakoenda. Sote tulijua, tulikuwa tumeliona likienda. Ogola angeweza kulizuia, lakini Ogola alilala dispensari ameugeukia ukuta, koo limekauka, na kila alipoulizwa amekula nini alitikisa kichwa tu. Watu walisema anaogopa kumtaja mtu aliyemlisha sumu.

Mchana nilienda kwa Rodah. Alikuwa ameketi kwenye lile benchi, mikono mapajani, maziwa yasiyouzwa yako pembeni yake.

"Nimeonja," aliniambia. "Nimeonja mbele yake, Kimutai. Kama ni sumu mbona mimi nimeketi hapa?"

"Najua."

"Wewe unajua. Kijito hakijui."

Alijaza bakuli maziwa akaliweka chini. "Angalau paka anywe. Paka hana kabila."

Paka akaja. Alilipita lile bakuli kama jiwe. Alienda chini ya benchi, mahali ile chupa ya soda ilipokuwa imebingirika siku ile tukaisahau, akaanza kulamba mdomo wa chupa. Alilamba kwa macho yaliyofumba, akiishika kwa miguu ya mbele. Kisha akapata kijiko kwenye nyasi, akakilamba hicho pia mpaka kikawa kinasogea mbele yake.

Dada yangu alimtazama. "Paka gani huyu anayeacha maziwa?"

"Anapenda sukari ya ile dawa."

"Dawa ya machungwa? Mimi nimefuga paka tangu niolewe. Paka akinusa ganda la chungwa anatoka nyumbani."

Niliiokota chupa, nikainusa. Mbele ilinukia machungwa. Nikangoja, nikanusa tena kama ninavyonusa kuni kujua kama zimekauka ndani. Nyuma ya yale machungwa kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha zamani, na mara moja nikawa soko la Sondu mchana, nikipita zile meza ambazo nzi hawatoki.

"Samaki," nikasema, nikacheka. Nilicheka kwa sababu sikujua kitu. Nilifikiri nimepata mzaha wa kumpelekea rafiki yangu apate kugeuka kutoka ukutani.

Kule dispensari nilimkuta Bosire ameshika dumu, anamimina dawa ya nguvu kwenye chupa mpya. "Mzee amedhoofika zaidi," alisema. "Aanze tena leo." Kijiko kilikuwa tayari kwenye kitanda.

Nikamwambia Ogola habari ya paka. Nilimwambia vizuri, na kile kijiko kilichokuwa kikikimbia kwenye nyasi. Nilimaliza kwa kusema, "Hata paka wa Mama Winny anajua wewe ni mtu wa ziwani. Amenusa samaki kwenye dawa yako."

Hakucheka. Aligeuka polepole. Sauti yake ilikuwa kama mchanga.

"Daktari. Weka hicho kijiko chini. Ndani ya hiyo dawa kuna nini?"

"Vitamini. Machungwa."

"Na nini tena?"

Bosire alizungusha dumu mpaka upande wenye maandishi madogo, akasogea dirishani. "Sukari... vitamini... mafuta ya ini la samaki. Hayo ndiyo yenye nguvu hasa. Machungwa ni ya kuficha ladha tu. Kwani nini?"

Ogola alifunika uso kwa mikono yake mirefu. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka. Ndipo akatuambia yote, ngege na bibi yake na kondoo na magamba. "Nilijua ni samaki tangu pumzi ilipofunga," alisema. "Hiyo mikono inayokaba naijua. Lakini samaki ametoka wapi, na mimi nimeketi kwa Mkipsigis nakunywa maziwa? Nikasema basi, ni chira. Imechoka kuningojea, imepanda mlima yenyewe. Ndiyo maana nilinyamaza. Ningesema nini?"

Bosire aliketi kitandani. Alikuwa na lile dumu bado mapajani. "Mzee, si laana," alisema. "Ni mwili tu. Wako wanaokataliwa na mayai, wako wanaokataliwa na njugu. Ungeniambia."

"Hukuniuliza."

"Kweli," Bosire akasema. "Sikukuuliza."

"Sasa utawaambia watu," nikamwambia Ogola.

Alitazama dirishani. Nje wachumaji walikuwa wakirudi na vikapu mgongoni. Nilijua ninachomwomba. Alikuwa amepanda huku juu ili asiwe mtoto wa kutupiwa magamba, na mimi nilitaka asimame awe yule mtoto tena, mbele ya laini nzima.

"Dada yako amepata wateja leo?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi nisaidie kuvaa viatu."

Alingoja watu warudi kutoka kazini, wakusanyike penye bomba la maji. Nilikuwa nimemleta Rodah na kibuyu chake. Alisimama mbali kidogo, upande wa kijito, na nyuma yake vijana wetu wawili watatu wamekunja mikono. Ogola aliegemea ukuta wa bomba. Hakusema Kijaluo. Alisema Kiswahili ili kila upande usikie.

"Samaki hunishinda," alisema. "Tangu mtoto. Nikila navimba kama mlivyoniona. Sina vidonda vya tumbo. Niliwadanganya."

Halafu mtu akaangua kicheko nyuma, na cheko likaenea kama moto wa nyasi.

"Ndiyo maana unakimbiaga na kikombe!"

"Mjaluo wa kupandikizwa!"

"Mwangalieni, ziwa limemtapika!"

Masikio ya Ogola yalikuwa kama majivu. Aliacha wacheke. Oyugi peke yake hakucheka.

"Omera, ndugu yangu, usitufanye watoto," alisema. "Kule kwa huyu mama ulikula samaki gani? Unamtetea kwa sababu anakunywesha bure."

Bosire akapita katikati ya watu na dumu lake, akamwekea Oyugi kijiko chini ya pua. "Nusa. Usiharakishe. Acha machungwa yapite."

Oyugi alinusa. Akanusa tena, akakunja uso, akaingiza ulimi. "Yawa!" alisema. "Huyu ni samaki amevaa nguo ya Jumapili!"

Kijiko kikazunguka, kila mtu akitaka kunusa. Watoto walipigania zamu. Lakini yule mama aliyemwaga maziwa njiani alibaki amekunja uso. "Hiyo ni ya dawa," alisema. "Na maziwa je? Nani anajua ya maziwa?"

Hapo dada yangu akaja mbele. Alifungua kibuyu, akashika kifuniko, akaanza kumimina kidogo ili aonje kama kawaida yake.

Ogola aliweka kiganja juu ya kifuniko.

"La, Mama Winny. Leo usionje."

Akachukua kibuyu chenyewe kwa mikono miwili, akakiinua. Tuliona koo lake likipanda na kushuka. Hakuna aliyeteka maji. Alipokishusha alikuwa na masharubu meupe, na watu wote, wa laini na wale vijana wetu, waliangalia midomo yake wakingoja. Ukungu ulianza kurudi kutoka bondeni ukatupitia miguuni. Tulingoja. Mtoto mmoja akauliza, "Amevimba?" mama yake akamziba mdomo.

Ogola akacheua.

"Sasa hiyo," akasema, "ni ng'ombe."

Kicheko kilichotoka safari hii hakikuwa kama kile cha kwanza. Oyugi alimtafuta dada yangu kwa macho, akayaangusha, akaenda nyumbani kwake. Nilidhani ameondoka. Alirudi na sufuria.

"Mama Winny," alisema, "mimi ni mtu wa mdomo. Nijazie."

Rodah alitaka kuonja kwanza. Oyugi akasogeza sufuria chini ya kibuyu kabla hajafika kwenye kifuniko. Yule mama aliyemwaga maziwa alikuja kesho yake na chupa mbili.

Bosire tangu siku hiyo hakumimina dawa kabla ya kuuliza, "Ni chakula gani kinachokudhuru?" Bibi mmoja wa Sigowet aliyekuja kumtembelea mwanawe akadhani daktari anamwalika kula, akaja na kuku.

Ogola alikaa nasi miaka michache zaidi. Wenzake waliendelea kumcheka, maana ndivyo walivyo, lakini walipopika samaki walimpikia mboga kwenye sufuria ya pembeni na kumwekea kiti upande upepo unakotoka. Alikwenda kwao Krismasi iliyofuata, akamwambia mama yake mzee kwamba haikuwa chira. Mama alifikiri, akasema, "Kwa hiyo yule kondoo alikufa bure."

Ogola alipostaafu, dada yangu alimpa kibuyu kilichosuguliwa mkaa, akimwagiza jinsi ya kukitunza, naye akashuka nacho kwao ziwani. Siku hizi hakuna anayeshuka kutoka kule juu na ile harufu kwenye nguo. Lakini nikiwa peke yangu kwenye boila, ukungu umefika mlangoni, kuna wakati nasikia kikohozi kwanza, nikageuka kungoja uso.